Nukta Mbili kwenye Karatasi za Kuokota

Jumatatu, 4 Agosti

Mwenyekiti wa kamati ya maktaba amekuja mwenyewe nyumbani. Hakupiga simu kwanza, kwa hiyo nikajua ana jambo. Kabla ya kustaafu alikuwa mfamasia, na mpaka leo anazungumza kama anayekukabidhi dawa: taratibu, akikutazama kama umesikia.

Jambo lenyewe ni maonyesho. Msanifu mmoja wa picha, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ameomba ukumbi wa maktaba. Kazi yake ni kuokota. Anaokota picha zilizotupwa — kurasa za kalenda, picha za studio zisizo na wenyewe, maboksi ya viberiti. Anaokota na maneno: vikaratasi vilivyosahauliwa ndani ya vitabu, mifukoni mwa makoti ya mitumba, nyuma ya fremu. Kisha anabandika picha moja na neno moja kwenye ubao, viangaliane. Sharti lake ameliandika kwenye barua ya maombi: hakuna alichotunga yeye. Kila neno liliandikwa na mtu mwingine, kwa haja zake, bila kujua kwamba siku moja litatundikwa ukutani.

Kamati inataka mtu aipitie lugha kabla kijitabu cha maonyesho hakijachapwa. Kwa nini mimi? Kwa sababu nilifundisha sekondari miaka kumi na tisa, kisha idara ya elimu ya watu wazima hadi kustaafu. Na kwa sababu sina la kufanya. Hili la mwisho mwenyekiti hakulisema. Alilisema wifi yangu, kutoka jikoni, kwa sauti ya kutosha.

(Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Tumebaki wawili katika nyumba hii, na kazi yake kubwa ni kunichunga nisijione.)

Nimekubali.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda karakana ya msanifu. Chumba kirefu juu ya duka la vipuri, ngazi za chuma, harufu ya gundi. Ukuta mmoja wote ni madroo madogo, kila droo na kibandiko chake: MIKONO. MILANGO. WATU WANAOTAZAMA PEMBENI. MAJI. Nilivuta moja iliyoandikwa HAIJULIKANI, akacheka, akasema hiyo ndiyo inayojaa haraka.

Alinisalimia vizuri — shikamoo Mwalimu, akanivutia kiti chenye mto. Mikono yake ina makovu madogo ya kiwembe. Anajibu upesi. Upesi mno, nadhani. Nilikuwa sijamaliza kuuliza karatasi za mitumbani anazipata vipi, tayari daftari la mapokezi lilikuwa mbele yangu: tarehe, mahali, namba ya ubao.

Mbao ziko arobaini na moja. Nakiri, ni kazi nzuri. Ubao wa tatu: picha ya mlima wenye theluji, wa kalenda, na chini yake karatasi iliyobandikwa zamani kwenye mlango fulani: *Usitumie nguvu. Unyanyue kidogo kisha usukume.* Ubao wa tisa: ghorofa linalojengwa, nondo zimechomoza juu, na kijikaratasi kilichookotwa ndani ya bitana ya koti la shule: *Mteja amesema.. usikate, kunja tu, mtoto atakua.* Hapo nilicheka peke yangu.

Niandike hapa kwa nini inanipendeza, nisije nikasahau baadaye nikajifanya sikupendezwa. Mtu anapotunga, anakuwa na msomaji kichwani, na sentensi inajipamba kwa ajili ya huyo msomaji. Anayeandika "unyanyue kidogo kisha usukume" hana msomaji. Ana mlango mbovu. Sentensi yake inatoka bila kuvaa. Ukiitunga, haitoki hivyo. Labda uwe hodari sana.

Jambo moja. Karibu na dirisha kulikuwa na sinia lenye chai nzito, na kamba yenye karatasi zinazokauka, rangi ya kahawia. Karatasi mpya zinazofundishwa uzee. Nikauliza. Akasema ni za kuzibia kingo zilizochanika, za zamani na mpya zisigombane rangi. Alijibu upesi.

Alhamisi, 7 Agosti

Kutwa nzima nimenakili maneno ya mbao zote kwenye karatasi yangu. Nafanya hivyo kila ninaposahihisha. Jicho huteleza, mkono hauna haraka.

Mkono umekamata kitu.

Penye nukta mbili — namaanisha alama ile, nukta moja juu ya mwenzake, inayotangulia maneno ya mtu au orodha — karatasi hizi haziweki nukta moja juu ya mwenzake. Zinaweka nukta mbili sambamba, chini, kama mtu aliyeanza kuweka nukta tatu akaitwa. *Daktari amesema.. usibebe kitu. Nimebeba.* *Vya kununua.. sabuni, uzi mweusi, kibiriti.* *Nimemwambia kila siku.. mimi si fundi saa.*

Nimezihesabu. Karatasi kumi na saba kati ya arobaini na moja. Kwa mujibu wa daftari zimeokotwa mahali kumi na saba: soko la mitumba, nyumba inayobomolewa, kitabu cha jiografia, kasha la miwani. Miandiko tofauti, wino tofauti. Kosa moja.

Nimesahihisha kazi za watu maisha yangu yote. Watu wanakosea kila mmoja kwa njia yake. Darasani, wawili wakileta kosa linalofanana tunawauliza nani alikaa karibu na nani. Hawa ni kumi na saba, na hawajuani.

Labda wanaye mtu mmoja wanayemjua wote.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimemwonyesha wifi. Akashika orodha mbali na uso kama anayemshika panya.

Akasema: wifi, wewe ukiletewa barua ya mapenzi utaisahihisha kwanza ndipo ulie.

Nikamwambia hili si la mzaha. Akauliza, kwani akiwa ametunga, nani kaumia? Nikamweleza. Watu watasimama mbele ya ubao wakiamini kuna mgonjwa aliyebeba alichokatazwa kubeba. Watamhurumia. Kama hayupo, wametapeliwa huruma. Wifi akasema yeye analia kila siku kwenye tamthilia na hajawahi kumshtaki mtu. Nikamwambia tamthilia haiapi kwamba ni kweli. Hapo akaenda kuanua nguo.

Mchana nikarudi karakana. Nilijidai nimesahau miwani. Msanifu alikuwa akiandika bango la kukaribisha watu. Nikamsifu mwandiko. Akasema huo si wake, ni wa muuza nyama wa chini pale, anaupenda unavyolalia nyuma. Anaweza wowote, akasema. Chuoni walikuwa wakimtuma aandike vyeti. Akachukua kipande cha karatasi akaandika jina langu kama ninavyoliandika mimi. Alikuwa ameona sahihi yangu mara moja tu, kwenye daftari lake.

Ilikuwa sahihi yangu kabisa. Nilicheka. Nimekichukua kile kipande, nimekiweka kwenye mkoba.

Jumapili, 10 Agosti

Meseji kutoka kwake, saa tatu asubuhi:

*Shikamoo Mwalimu. Nimepata ujumbe wa mchapaji, anasema.. orodha iliyosahihishwa mwisho ijumaa.*

Anasema, nukta, nukta.

Nimeisoma mara nne.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeandika ripoti. Kurasa tatu kwa mkono, kama ninavyoandika siku zote. Nimeeleza alama ni nini, inatumikaje, imekosewa vipi na mara ngapi. Nimeeleza habari ya sinia la chai. Nimeeleza uwezo wa msanifu wa kuiga miandiko na nimeambatisha kile kipande chenye sahihi yangu isiyo yangu. Meseji nimeinakili neno kwa neno. Hitimisho: karatasi kumi na saba zimeandikwa na mtu mmoja, na mtu huyo ni msanifu.

Mwenyekiti akasoma akiwa amesimama, akaketi. Akasema hii ni nzito. Akasema jina langu halitatajwa. Itaitwa ripoti ya msomaji wa kamati. Nilikuwa sijaomba hilo. Nilifurahi alipolisema.

Nakala nilizitoa kwenye mashine ya pale maktaba, ukurasa mmoja mara mbili.

Ijumaa, 15 Agosti

Maonyesho yamesimamishwa. Yalikuwa yafunguliwe Jumamosi ya tarehe 23. Kamati itakaa Jumatano, imsikilize msanifu, kisha iamue. Mwenyekiti kaongeza jambo ambalo sikulijua: chuo cha sanaa kilikuwa kimeshamchukua afundishe kuanzia mwezi ujao. Wamesikia. Wanasubiri kamati iseme nini. Kama kamati itasema ni mghushi, nafasi ameikosa, na katika kazi yake hakuna atakayemwamini tena na kikaratasi.

Saa kumi akaja hapa kwangu. Yeye mwenyewe! Wifi alimkaribisha kabla sijawahi kujifanya nimelala.

Hajui ripoti ni ya nani. Au ndivyo anavyoonekana. Alikaa ukingoni mwa kiti. Akasema, Mwalimu, wewe umezisoma zote, nisaidie. Akasema akimpata mwenye karatasi moja tu kati ya hizo, aseme "hii nimeandika mimi," itatosha. Tatizo ni kwamba wenyewe hawajulikani. Ndiyo maana ya kuokota. Ana kanuni, mwenye maneno akijitokeza na kuyataka, ubao unashushwa siku hiyo hiyo. Katika miaka sita hajajitokeza mtu.

Nikamuuliza kwa nini yeye mwenyewe anaandika nukta mbili sambamba. Nilitaka nimwone uso.

Akafikiri. Akasema: kwani zinaandikwaje?

Ama hajui kweli, ama ni hodari kuliko nilivyodhani. Akasema bibi yake aliyemlea ndiye aliyemfundisha kuandika, kabla ya shule, na hajawahi kusahihishwa kwa kuwa kwenye sanaa hakuna anayesoma alama.

Alipoondoka wifi akasema, mtoto wa watu amekonda. Nilikuwa nafikiria ubao wa tisa. *Mteja amesema.. usikate, kunja tu.* Hayo ni maneno ya fundi cherehani, anajiandikia asisahau. Na bitana huwa na kibandiko cha fundi. Msanifu akimleta shahidi, shahidi atakuwa wake. Nitakwenda mimi, peke yangu, bila kumwambia.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimempata. Nitaandika kwa utaratibu.

Kibandiko cha koti, nilivyokinakili kutoka daftari la mapokezi, kilikuwa na namba na jina la mtaa. Nimeuliza mafundi watatu. Wa tatu akanielekeza kwa mzee mmoja anayeshona sare za shule, kibanda cha mabati, cherehani ya kukanyaga, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamwonyesha picha ya kikaratasi kwenye simu. Hakuhitaji kuikaribia.

"Huu mkono wangu," akasema. "Koti la kijani. Kulikuwa na mama mmoja mbishi, kila nikishika mkasi anapiga kelele. Nikaandika, nikabana na pini, nisije nikakata."

Nikamuuliza koti lilikuwa la nani. Akacheka. Yule mtoto sasa ana kitambi, akasema, analeta wanawe.

Nilikuwa bado simwamini. Mtu anaweza kupangwa. Nikamwambia nataka aniandikie maagizo ya sketi, niende nayo nyumbani. Akatafuta kalamu, akaandika polepole, ulimi ukiwa pembeni ya mdomo: *Mama amesema.. mifuko miwili, kina kirefu.*

Nikauliza, kwa sauti ya kawaida kadiri nilivyoweza, kwa nini nukta mbili pale.

"Ndivyo tulivyofundishwa."

Shule gani?

"Shule!" Akaona raha. "Mimi sikuingia shule, mama. Nimejifunza redioni. Jumanne na Alhamisi saa kumi. Tulikuwa mafundi kumi na mmoja na redio moja, tunaandika kwa chaki juu ya meza ya kukatia, bosi akija tunafuta kwa mkono wa shati. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kike, anasoma imla. Anasema, *Mgeni akasema, nukta mbili, hodi.* Basi tunaweka. Moja, mbili."

Akagonga meza kwa kidole mara mbili, sambamba.

"Alikuwa hana haraka yule. Anarudia mpaka wote mmeshika. Mimi nilidhani ni mnene, kwa ile sauti. Sijui kama yu hai."

Nikasema labda.

Akaniuliza karatasi yake wanaitakia nini huko. Nikamweleza maonyesho. Nikamwambia ana haki ya kuomba ishushwe. Akafikiri, akavuta kitambaa chini ya sindano. Wacha ikae, akasema. Lakini waandike ni fundi, wasidhani ni mtu tu.

Nimetembea mpaka nyumbani. Sikupanda gari.

Miaka saba. Jumanne na Alhamisi saa kumi, kwenye studio yenye zulia ukutani, karatasi mbele yangu, glasi ya maji. Ilikuwa kazi ya idara na niliipenda kuliko darasa. *Nukta mbili.* Nimelisema mara ngapi? Sikusema hata mara moja kwamba moja inakaa juu ya nyingine. Kwangu ilikuwa ni jina la alama. Kwao ilikuwa ni agizo, na walilitii. Daftari zao hatukuziona. Kipindi kilikwenda, hakikurudi. Idara iliandika tu: wasikilizaji, makadirio.

Kwa hiyo ni kweli kwamba wote kumi na saba, na labda bibi wa msanifu pia, wanamjua mtu mmoja.

Jumanne, 19 Agosti

Wifi nilimweleza wakati wa chai. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Akasema, basi wifi umemshtaki mtu kwa kosa lako.

Nikamsahihisha: si kosa, ni upungufu wa maelezo. Akanimiminia chai.

Mwenyekiti nimempigia. Akashusha pumzi, akasema hii inatibika. Nitoe kauli fupi kwamba msomaji wa kamati amepata taarifa mpya na anaondoa hoja yake ya kwanza. Jina hapana. Redio hapana. Hakuna haja mji mzima ujue, akasema, umri wetu huu.

Nimeiandika kauli hiyo. Mistari mitano. Haina uongo ndani yake. Nimeandika na nyingine, ukurasa mzima, yenye jina langu, kipindi, miaka, na fundi. Zote mbili zimo mkobani.

Halafu nikajikuta naanza upya. Fundi ni mmoja. Karatasi kumi na sita bado. Je, sinia la chai? Je, sahihi yangu? Nimekaa dakika arobaini nikiandika maswali kwenye pambizo, na yalikuwa maswali mazuri. Kisha nikauliza swali la mwisho: ninayatafuta haya kwa sababu namshuku yeye, au kwa sababu nikimpata na kosa, hata dogo, sitalazimika kutoa karatasi ndefu?



Jumatano, 20 Agosti

Naandika nikiwa kwenye benchi, korido ya maktaba, nje ya chumba cha mikutano. Saa nne na robo. Kamati iko ndani, mlango umefungwa. Wananisubirisha kwa heshima, kama shahidi wa kawaida.

Msanifu amekuja saa nne kamili. Amevaa sketi ya bluu na amesuka. Amebeba ubao uliofunikwa kwa kitambaa. Amenisalimia, amekaa kwenye benchi hili hili, ubao kausimamisha katikati yetu.

Nikamuuliza ni wa ngapi. Akasema wa arobaini na mbili, gundi imekauka jana tu. Akauliza kama ningependa kuuona, maana hauko kwenye orodha yangu na haujasahihishwa.

Akafunua.

Picha ni ya tangazo la zamani la mapazia: mwanamke dirishani, pazia amelishika kidogo kwa vidole viwili, anachungulia nje. Chini yake ukanda wa karatasi nyeupe, umekatwa vizuri kwa kiwembe. Wino mweusi. Mwandiko ulionyooka.

*Watu wa kawaida hawaandiki hivi.*

Ukurasa wa pili wa ripoti yangu, mstari wa nane au wa tisa. Mashine ya nakala ilikuwa imeuchora mstari mchafu katikati, nikaunakili upya na ule wa kwanza nikautupa. Sikuuchana. Nani huchana?

Daftari la mapokezi lilikuwa kwenye mkoba wake, akanionyesha bila kuombwa. *Ubao 42. Kapu la karatasi, chumba cha mashine, maktaba. 12 Agosti.*

Nikasema maneno mazuri. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Akasema ndiyo, ni ya mtu anayejua lugha. Nimetafuta kosa, Mwalimu, sikupata. Akasema anajua tu kwamba ni mtu anayemdhania vibaya, na kwamba hajui ni nani. Aliposema hajui aliangalia ubao, hakuniangalia mimi. Kisha akasema kanuni ni ile ile: mwenyewe akijitokeza na kusema ni yangu, ataushusha hapo hapo. Asipojitokeza, utakuwa wa kwanza mlangoni.

Anajua. Mwandiko huu aliuiga kwa kuuona mara moja.

Au hajui, na ni mimi tu ninayemshuku bado.

Sasa amekaa, mikono mapajani. Kovu jipya kwenye kidole gumba. Mimi naandika, na kutoka alipo anauona mwandiko wangu kama akitaka kugeuza kichwa. Hajageuza. Naweza kufunika kwa kiganja na sijafunika.

Karani ametoka. Anauliza nani anaanza kuzungumza, na kama kuna karatasi ya kukabidhi aipeleke kabla.

Mkono wangu uko ndani ya mkoba. Karatasi fupi na ndefu zinatofautishika kwa kugusa. Fupi nimeikunja mara moja, ndefu mara mbili.

Nimemwomba dakika nimalize mstari.

Karani anauliza tena.